Usiisome Peke Yako, Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuomba kwanza, hata kabla ya salamu: yaliyomo humu yabaki kati yetu wawili. Usimsomee mtu, usimpigie mtu kumuuliza kama ni kweli, usipige picha ukurasa hata mmoja ukautuma popote. Ikijulikana kwamba nimekuandikia, sijui nitasimama wapi mbele ya Mama na mbele ya wazee. Dolores, jirani yako, ndiye aliyekuchapishia karatasi hizi, lakini hajui Kiswahili. Kwa Kiingereza nilimwandikia mistari mitatu tu: akuletee mkononi, aje na kipima presha chake, na asiondoke mpaka umalize. Kama hayuko hapo, ikunje barua uende ukamwite. Tafadhali. Usivuke mstari huu kabla hajaketi.

Kama mmeshaketi, nasema.

Baba amefariki. Kaka yako, Shangazi. Ni Ijumaa iliyopita asubuhi, pale nyumbani Temple Hills. Leo ni Jumatano. Keshokutwa Ijumaa, saa nne asubuhi, kutakuwa na ibada ya kumuaga kanisani, jeneza likiwa wazi, na Jumamosi atasafiri na Mama kwenda Bungoma kuzikwa. Wewe umepangiwa kuambiwa Jumapili. Watu watatu watakuja kambini kwako Florida na Biblia, Baba akiwa ameshaondoka.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Bado una siku mbili za kumwona.

Najua nimelitoa jambo bila kulizungushia. Ni wewe uliyenifundisha hivyo, na siku yenyewe naikumbuka. Ilikuwa ile wiki ya Krismasi, mwaka juzi, Baba na mimi tulipokuja kukutembelea. Tuliendesha siku mbili. Baba hakuvua koti mpaka tulipoingia Georgia, akisema baridi ina hila, inaweza kumfuata mtu. Tulikukuta umeketi nje ya gari-nyumba lako, chini ya turubai la mistari, kanga kiunoni, unachambua sukuma uliyoipanda mwenyewe kwenye ndoo. Safu nzima ya wazee, kila mmoja na nyumba yake ya magurudumu, walitupungia mikono kana kwamba tulizaliwa pale. Ulitueleza kwamba wengi wao wanatoka Michigan na Ohio, walimu wastaafu, watu wa posta, watu wa viwanda, na kila Novemba wanashuka kusini kuikimbia theluji kama wewe. Baba alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa dada, kijiji kizima hakina mtoto hata mmoja? Mtazikwa na nani?"

"Nyamaza, Pengwini. Kula kwanza."

Mlikuwa mnaitana hivyo tangu ulipostaafu uuguzi ukauza nyumba ya Bowie na kununua lile gari. Wewe Korongo, ndege wa kuhama. Yeye Pengwini, wa kubaki kwenye barafu.

Kesho yake tulikusindikiza kufua nguo. Kwenye chumba cha mashine kulikuwa na ubao, na mtu alikuwa ameandika kwa chaki mambo ya siku ile: mazoezi ya viungo saa tatu, karata saa nane, Earl wa namba arobaini na moja ametuacha jana, keki ukumbini saa kumi. Baba aliusoma ubao mara mbili.

"Wanamwandika maiti katikati ya karata na keki! Hata hawaendi kukaa na mjane kwanza? Kwetu habari ya kifo hutembea na watu."

Wewe uliendelea kukunja shuka lako. Ukasema, "Yangu mimi ilitembea na viatu."

Nilikuwa nimeisikia habari ile nusunusu tu. Pale ndipo ulipotusimulia yote, mashine zikizunguka. Mume wako alifariki kazini asubuhi, na Bowie yote ikajua, na Temple Hills, na hata Nairobi, lakini wewe ulikuwa zamu na wazee walisema mtu aliye peke yake haambiwi msiba, angojwe afike nyumbani, apokelewe. Ulifika umechoka, umebeba mfuko wa machungwa, ukaona viatu mlangoni. Vilijaa kibaraza, vikashuka ngazi. "Nikaanza kuvihesabu," ulisema. "Nilipofika thelathini nikajua mimi ni mjane. Wa mwisho kujua, katika nyumba yangu mwenyewe." Ukaanguka kabla hujafika sebuleni. Wazee wanasema ulikuwa ugonjwa wa presha. Wewe ulisema, "Sikuangushwa na habari. Niliangushwa na kule kungojewa."

Kisha ulinigeukia mimi.

"Wewe karani, sikiliza. Siku nyingine ni wewe utaniambia. Taja jina la mtu, sema amekufa, halafu unyamaze."

Baba alicheka. "Unampa mtoto kazi ya malaika!"

Niliitikia kwa kichwa. Niliona ni maneno ya kufulia nguo, yataisha na sabuni. Leo nimetimiza sehemu mbili za agizo lako. Ile ya tatu inanishinda. Nikinyamaza sasa nitabaki peke yangu humu ofisini na hili jambo.

Nataka nikukumbushe siku ulipojifunza kurudisha lile gari nyuma. Najua unaikumbuka, lakini nani mwingine nitamwambia? Ilikuwa kwenye uwanja wa magari wa kanisa, Jumamosi, hakuna mtu. Baba alikuwa amevaa fulana yake ya kazi, ile ya madereva wa mabasi ya shule, ili ujue unafundishwa na mtaalamu. Mimi nilisimama nyuma, mikono juu. Yeye alitembea kando ya dirisha lako akipiga kelele.

"Tazama kioo! Kioo, dada! Mimi unanitazamia nini?"

"Nakutazama nione unavyotoka jasho. Nimekulea nikiwa na miaka tisa, leo unanipigia kelele?"

"Kata kona! Kata! Simama! Simama, wewe mama!"

Ukaliponda pipa la taka la kanisa. Baba akalizunguka lile pipa pole pole, akavua kofia, akasema, "Lilikuwa limeokoka. Limekwenda mahali pazuri." Ulicheka mpaka ukalala juu ya usukani na honi ikaanza kulia, na honi ilipolia ukazidi kucheka. Sijawahi kumwona Baba akifurahi vile na mtu mwingine, hata na sisi. Nadhani mbele yako tu ndipo alipokuwa mdogo wa mtu.

Na kila Novemba, asubuhi ya safari yako, uliliegesha mbele ya nyumba yetu likaziba mtaa, na majirani wakatoka kutazama. Baba alipanda juu kukagua paa, akalala chini kukagua matairi, akafungua kila kabati ndani kuona kama Mama amekupakia unga wa kutosha. Mwisho aliweka kiganja kwenye boneti akaomba. Aliomba kwa urefu sana. Aliyataja majimbo yote utakayopita kwa mpangilio. Nawe ulijua kumkatiza: "Mungu ana ramani, Pengwini, sema amina." Ukishaondoka aliingia ndani akiwa amenuna, na jioni utamsikia, "Mwanamke mzima kuhamia kwenye gari." Lakini hali ya hewa ya kwenu Florida aliiweka ya kwanza kwenye simu yake, ya Maryland ya pili.

Ijumaa shule zilifungwa kwa ajili ya theluji, kwa hiyo hakwenda kazini. Mimi nilikuwa najiandaa huku nikingoja kujua kama ofisi yetu ya Falls Church ingefunguliwa. Alitoka na koleo kusafisha njia. Alikutumia ile picha ya koleo, unayo, na maneno yake: "Njoo usaidie, Korongo." Mama alimwona dirishani ameketi kwenye ngazi, akadhani anapumzika. Akamtayarishia chai. Alipotoka kumwita chai ilikuwa tayari mezani. Daktari alisema ni moyo, na kwamba haikuchukua muda. Nimejaribu kuamini neno hilo, "muda".

Hospitalini walinipa vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: saa, kofia, funguo, simu. Simu ikatikisika mkononi mwangu. Ulikuwa wewe. Picha ya miguu yako kwenye ndala, juu ya majani mabichi, na chini yake: "Ukimaliza kuchimba theluji niambie, nikutumie jua kidogo." Baadaye kidogo ikatikisika tena: "Mbona kimya? Umeganda?"

Sasa naja kwenye lile ninaloliogopa.

Mchana ule wazee walikutana sebuleni kwetu, na kamati ya mazishi ikaundwa. Mzee Wafula akawa mwenyekiti, mimi mwandishi, kwa sababu kazi yangu ni karani na mwandiko wangu unasomeka. Ajenda ya tatu ilikuwa wewe. Wakasema upasuaji wako wa moyo bado ni mbichi, daktari amekukataza safari za ndege ndefu, Bungoma huwezi kufika, na kule kambini huna mtu wa kwetu hata mmoja. Wakaikumbuka siku ya viatu. Ukiambiwa kwa simu ukiwa peke yako, wakasema, ama utaanguka au utawasha lile gari na kuja nalo huku unalia. Likaanzishwa kundi jipya la WhatsApp lisilo na jina lako. Ndiyo maana lile la ukoo limekuwa kimya.

Jikoni alikuwako Mama Neema, jirani yetu Mkongo, anatupikia. Akatoka na mwiko mkononi.

"Dada yake wa tumbo moja munamufichia? Hapana, bandugu, ile ni mubaya."

"Mama Neema," akasema Mzee Wafula, "rudi kwenye ugali. Presha ya mtu wetu tunaijua sisi."

Usimchukie. Ndiye aliyekudaka ulipoanguka Bowie, na nafikiri mikono yake haijasahau. Alipokuwa akisema maneno yale alikuwa analia. Kisha akaniambia, "Kijana, wewe ndiye msomi. Simu ya baba yako kaa nayo. Shangazi akiuliza, mjibu kidogo kidogo mpaka Jumapili."

Niliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: imeamuliwa. Nikapiga mstari chini.

Shangazi, ni mimi niliyekuwa nakujibu. Tangu Ijumaa mchana. "Nimechoka, dada, wacha nilale" ni maneno yangu. Niliyasoma mara tatu kabla ya kuyatuma, kama ninavyosoma barua za mawakili ofisini, nione kama yana kosa. Hayakuwa na kosa. "Tumetoka kanisani salama" ni mimi. Ile alama ya kidole gumba ni mimi. Jumatatu uliandika: "Siku hizi umekuwa mpole. Sijatukanwa tangu Ijumaa. Umeokoka mara ya pili?" Niliingia choo cha ofisi, nikajifungia, nikatafuta tusi ambalo Baba angekutukana. Nilikaa robo saa nzima. Mtoto hawezi kumtukana shangazi yake, hata akiazimwa mdomo wa baba yake. Nikakutumia uso unaocheka.

Jana uliandika: "Nipigie. Nataka kusikia sauti yako, siku tano ni nyingi." Nikakujibu kwamba spika ya simu imeharibika. Nilijiona mwerevu. Haukupita muda ukajibu: "Nimekuagizia simu mpya. Itafika Ijumaa, usije ukaikataa."

Itafika siku ile ile, Shangazi. Mtu ataiweka kwenye ngazi zile zile sisi tukiwa kanisani.

Hapo niliona siwezi tena. Nilimwendea Mama, nikamwambia tukuambie. Alikuwa anakunja nguo za Baba za kusafiri nazo, suti ya kijivu, ile tai uliyomletea. Hakuinua macho. "Ukimwambia akaanguka kule, damu yake utaibeba wewe. Mimi nimebeba ya kutosha." Simlaumu. Anajilaumu kwa ile chai, kwamba aliipika badala ya kutoka nje. Hawezi kuongeza mtu mwingine juu ya huyo.

Kwa hiyo jua kwamba ninapoandika naogopa. Naogopa wazee, ni kweli, lakini zaidi nakuogopea wewe. Kazini mimi ndiye ninayekagua barua kabla hazijatoka. Nikiwa na shaka nairudisha. Hii nimeirudisha mara nne tangu asubuhi. Nimejiuliza kama ninakuandikia kwa ajili yako au kwa ajili ya kujitua mzigo, na sina hakika. Nina hakika na jambo moja tu: kwamba kama angekuwa Baba aliyefichwa kifo chako, angewatafuta waliomficha mmoja mmoja mpaka kaburini.

Na kuna jambo lingine, la kwangu. Bado sijamlilia. Kila nikikaribia, simu inatikisika nami inanipasa niwe yeye, nifikirie angesema nini, amelala saa ngapi, amekula nini. Kwa siku tano amekuwa akiishi kwenye vidole vyangu. Kuna dakika nilifurahia, nisamehe. Kulikuwa na dakika ulimwambia habari za Dolores kushinda karata, nami nikacheka kwa niaba yake, na kwa dakika ile hakuwa amekufa popote. Nadhani ndivyo inavyokuwa uongo ukiwa mtamu. Lakini wewe ulikuwa unazungumza na kaka yako, na aliyekuwa akikusikiliza si yeye. Nimekuibia siku tano za kuomboleza, na sijui zinarudishwaje.

Sasa pumzika kidogo. Mruhusu Dolores apime. Meza dawa yako kama saa imefika.

Ukiwa tayari, fanya hivi. Usipige simu ya Baba. Nitaizima nikishamaliza kutuma barua hii, na sitaiwasha tena. Usipige nyumbani, wapokeaji ni wengi. Nipigie mimi, kwenye simu yangu, kesho kati ya saa sita na saa sita na nusu mchana, saa ninapokula ndani ya gari na hakuna wa kunisikia. Usiponipata, piga ofisini; yule dada wa mapokezi mwambie wewe ni mteja wa Florida na hati zako hazijakamilika, atanipa simu bila swali. Ukishindwa kusema, usiseme. Nitasikia unavyopumua, nitangoja.

Kama unakuja, njoo kwa ndege. Ni saa mbili na kitu tu, sidhani daktari atakukataza hiyo, na mwombe Dolores asafiri nawe. Lile gari liache hapo lilipo. Nitumieni saa ya kufika. Nitakuwa nje ya mlango wa mizigo, na gari la Baba. Nimeshaomba ruhusa ya kesho alasiri, na kwenye fomu, penye sababu, nimeandika: kumpokea shangazi. Ni sentensi ya kweli ya kwanza niliyoiandika tangu Ijumaa.

Wazee wakikuuliza ulijuaje, sema uliota. Mzee Wafula huheshimu ndoto, na hakuna wa kukudai ushahidi.

Na kama mwili umekataa, kama huwezi kuja, niambie maneno unayotaka ayapate. Nitainama niyaseme sikioni mwake, na nitamwambia yametoka kwako. Kama ni tusi, nitalifikisha kama lilivyo.

Piga, Shangazi. Nitapokea kwa jina langu mwenyewe.

Mwana wa kaka yako